Mdhamini Aliyebeba Godoro

Msafishaji alikuwa anakamua dekio kwenye korido ya chini wizarani, wifi yake wa zamu moja akamfuata mpaka kwenye ndoo.

"Wifi, leo wakikuuliza madeni, sema huna. Watu wa upekuzi wanataka mtu safi."

"Na mimi si ndiye msafishaji?"

"Haya, endelea na utani wako."

Utani ulimsaidia kuficha woga. Kazi iliyotangazwa ilikuwa ghorofa ya juu, kwenye mafaili ya siri: ajira ya serikali, mshahara kila mwezi, siyo huu wa kampuni ya usafi unaokuja ukijisikia. Ila kuingia kule lazima uchunguzwe, na mwenye deni, wanasema, hununulika kirahisi. Naye alikopa kwenye kikundi cha kukopeshana cha mtaani, akakwama kulipa. Wanakikundi walikuja wote wakakaa mlangoni kwake, wanasukana nywele na kupiga soga, mpaka jioni wakaondoka na godoro. Bado analipa kidogo kidogo.

Alinawa, akavua aproni, akapanda juu. Walitaka mdhamini mmoja anayeijua tabia yake. Yeye alimleta mwenyekiti wa kikundi.

"Mama," ofisa wa upekuzi alimuuliza mwenyekiti, "wewe unamdai huyu?"

"Namdai."

"Halafu umekuja kumdhamini?"

"Nani anamjua kunishinda? Godoro lake nililibeba mimi, kichwani. Hakuhama, hakuzima simu. Kila akipata, analeta. Wenzake wengine mpaka leo hatujui walipo."

Ofisa akamgeukia msafishaji. "Mtu akikutisha kwamba atatoa siri ya deni lako usipompa faili, utafanyaje?"

"Siri gani, bosi? Mtaa mzima ulikuwepo. Jirani aliwasaidia kupitisha godoro mlangoni."

Mwenyekiti aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa pochi.

"Ulikopa kwa nini?"

Wifi angekuwepo angemkanyaga mguu. "Kampuni ilikaa miezi haitulipi. Tukiuliza, tunaambiwa wizara haijawalipa wao. Wizara hii."

Ofisa alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena. Akaandika.

"Wanaoficha ndio ninaowarudisha nyumbani," alisema. "Wewe njoo Jumatatu upigwe picha ya kitambulisho. Weka saini hapa."

Msafishaji aliishika kalamu, lakini hakusaini.

"Nisomee kwanza hapo kwenye sababu, bosi."

Ofisa alikohoa. "'Alishindwa kulipa kwa sababu binafsi.'"

"Siyo binafsi."

"Dada, kazi si umeshapata? Unataka nini tena?"

Mwenyekiti alimvuta nguo kwa nyuma. Msafishaji akairudisha kalamu mezani, polepole, akaisogeza mpaka upande wa ofisa.

Ofisa aliutazama mlango uliofungwa. Kisha akaichukua kalamu, akakata mstari, akaandika mwingine juu yake. Msafishaji aliusoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka kwenye neno 'wizara'. Ndipo akasaini.