Muulize Wifi

...halafu eti kinamkaribisha, "Karibu! Tungependa kukufahamu," hicho kioo, juu ya meza yake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kitu kimeingia leo asubuhi kikiwa ndani ya boksi na sasa ndicho kinachomkaribisha mwenyeji, wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, huyu mgeni amekuja mwenyeji augue, na Mama Uzi, ambaye mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu nembo za sare za shule na majina ya makoti ya wauguzi yote hupita kwenye mashine yake ya kudarizi, alikaa mkono ukiwa juu ya kipanya akitafuta pa kubonyeza ili aseme asante, tumeshafahamiana, nipishe nifanye kazi, lakini pa kubonyeza hivyo hapakuwepo, palikuwa na "Endelea" na palikuwa na "Baadaye", "Sitaki" hakuna, kompyuta za siku hizi hazijui sitaki, ukikataa zinasikia baadaye, kama mchumba king'ang'anizi, haya, baadaye, baadaye, na kila baadaye inazaa swali jingine, unataka tukutambue kwa uso, tazama kamera, akatazama, sogea karibu, akasogea, vua miwani, akavua, na sasa bila miwani haoni hata kinamwambia nini, hivi kweli mtu mzima anachezewa namna hii nyumbani kwake... "Umeshaingia, Mama Uzi?" aliuliza fundi wa kompyuta kutoka sakafuni, amelala chali nyuma ya mashine ya kudarizi akihangaika na nyaya, zinaonekana soksi zake tu, moja imetoboka, "Naingia wapi, fundi, niko mlangoni nahojiwa," akasema, na fundi akacheka, acheke tu, yeye si ndiye aliyeileta, "Utaizoea," akasema, kila mtu anamwambia utazoea, neno hilo amelichoka, aliambiwa msibani na waliokuja na wasiokuja, utazoea dada, utazoea, kana kwamba kuzoea ni dawa, kutwa mara tatu.

Ile ya zamani ilikuwa na adabu zake, ukiiwasha inakohoa, inanguruma, inanyamaza, ukibandika birika na kurudi unaikuta imejipanga, kila kitu mahali pake, kitufe cha kuanzia pale chini kushoto ambako mkono ulikwenda wenyewe hata akiwa anabishana na mteja, na sasa mkono umekwenda palepale umekuta patupu, kitufe kimehamia katikati, kimehamishwa na nani, kwa ruhusa ya nani, ni sawa na kurudi jikoni kwako ukakuta mtu kahamisha chumvi na ukimuuliza anakwambia hapa ndipo pazuri zaidi, pazuri kwa nani, mpishi ni wewe au ni mimi, na mfumo wenyewe hauwezi tena kurudishwa, alimwomba fundi aurudishe uleule na fundi akatikisa kichwa, ule hautolewi tena, Mama Uzi, umeshazikwa, na kompyuta ile, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, kioo kikawa bluu, kikawa cheusi, na fundi akasimama na bisibisi mkononi akasema, "Tumeipoteza," naye akamkaripia palepale, usiniambie tumeipoteza, sema imekufa, kitu kilichopotea kinatafutwa, maskini fundi, angejuaje kwamba daktari naye alitoka kwenye ule mlango wa kusukuma akasema tumempoteza, na yeye kwa akili zake timamu akaangalia huku na huku kwenye korido, kaka yake mtu mrefu vile, atapoteaje...

"Mashine haitambuliki," fundi alikuwa anasema, "inataka draiva," na yeye, "Dereva wa nini, ina magurudumu?" na fundi, "Si dereva wa gari, Mama Uzi, draiva, kijiprogramu cha kuzitambulisha hizi mbili, kompyuta na mashine, zijuane," haya tena, mashine aliyoitumia tangu mwanawe hajaota meno, leo haijulikani, inahitaji mtu wa kuitambulisha, na hicho kijiprogramu kiko wapi, kiko mtandaoni, na bando la fundi halitoshi, faili ni kubwa na mfumo wenyewe unataka kujisasisha kwanza ndipo ukubali kuongea na mtu, na simu yake yeye ni kitochi, kinapiga, kinapokea, kinamulika, basi, na makoti ya wauguzi yamerundikana pale kwenye kiti bila majina, "Kwa hiyo tunahitaji waifai," akasema fundi, "ingia kwenye waifai yako ile ya siku zote," na yeye akabonyeza na kioo kikamwandikia kwa herufi kubwa, chagua wifi.

Chagua wifi! Fundi humsahihisha kila siku, inasomwa waifai, Mama Uzi, waifai, na yeye humjibu kwamba kilichoandikwa wifi anakisoma wifi, hakwenda shule kusoma visivyoandikwa, lakini leo hakuona cha kuchekesha, kwa sababu orodha ilishuka, "Saluni Juu", "Usiniibie", na ya tatu, yenye nguvu kuliko zote maana inatoka nyuma ya ukuta huohuo alioegemeza kiti, "Muulize Wifi", na kikufuli kidogo pembeni, na chini yake, weka nywila. Kaka yake ndiye aliyeupa mtandao jina hilo, siku alipoufunga, alicheka peke yake mpaka akashika mbavu, kwa sababu wao wawili, mke wake na dada yake, walikuwa hawafanyi kitu bila kuulizana, chumvi imeisha, ngoja nimuulize wifi, gauni hili linanikaa, muulize wifi, nyumba mbili ukuta mmoja, kutwa wifi, abee wifi, wifi njoo uone, mpaka yeye mwanamume akasema katika nyumba hii mimi ni mpangaji tu, basi akija mgeni akitaka mtandao ataambiwa jina na jibu papo hapo, na nywila akaitia mwenyewe kwenye kompyuta ya dada yake, kwa vidole vyake virefu, "Usijisumbue kuikariri," akasema, "hii itakumbuka," na kweli ikakumbuka, kila asubuhi ikajiunga yenyewe kimyakimya bila kumuuliza mtu, akafa aliyeitia na yenyewe ikaendelea kukumbuka, na hii mpya haijui lolote, inamtazama hivihivi kama karani wa dirishani, nywila?

"Vipi, umeingia?" "Nywila naitafuta, fundi," "Si umuulize mwenyewe?" nimuulize nani, nimuulize yule, ambaye anaposwa na Bwana Miwani wa pale kwenye duka la miwani na mimi nasikia kwa msusi, kichwa kikiwa mikononi mwake, nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, siwezi hata kuinuka nikaondoka, "Kumbe wifi yako anaolewa, hongera," hongera! akabidi acheke, aseme eeh, Mungu mkubwa, na moyo unawaka, si kwamba anaolewa, aolewe, mwanamke bado kijana, watoto wako shule ya bweni, nyumba inamlia masikioni, aolewe na miwani yake yote, lakini aliyekuwa haweki chumvi bila kumuuliza ameweza vipi kukubali mume bila hata kubisha hodi, na lisemwalo lipo, kama halipo laja, akasubiri aje aseme, hakuja, tangu hapo wakawa watu wa bombani, habari za asubuhi, nzuri, ndoo imejaa, haya, na akiolewa atakuwa wifi wa watu wengine, huko Bwana Miwani ana dada zake, na hapa atabaki nani, atamwita nani, jirani? na kaka naye atakuwa amekufa mara ya pili, hapo ndipo panapouma, haya, amesema, panauma.

Akajaribu mwenyewe, akaandika jina la utani la kaka, nywila si sahihi, akaandika la mtoto wao wa kwanza, si sahihi, la pili, si sahihi, akaandika kwa hasira neno ambalo wauguzi wasingependa kulidarizi kwenye makoti yao, nalo si sahihi, akabonyeza pembeni ili kile kisanduku kitoke machoni pake, na badala ya kutoka kikamletea kingine, na hiki alikisoma mara mbili, miwani juu, miwani chini, "Ungependa kusahau Muulize Wifi?" na vitufe viwili, kimoja "Sahau", kingine "Ghairi"... hivi nani anamuuliza mtu maswali kama haya asubuhi asubuhi, nani amekituma, anayeandika maneno haya huko aliko ana ndugu kweli, sahau, kitufe kama vitufe vingine, kina rangi nzuri, unabonyeza na limekwisha, kidole kilikuwa palepale, na alikuwa na hasira za kutosha, tusidanganyane, alikuwa nazo, lakini kidole kilisogea, ghairi, ghairi bwana, nani kasema nasahau.

"Haikubali?" fundi ametoa kichwa, vumbi kwenye nyusi, "lakini ile kompyuta ya zamani ilikuwa inaingia mpaka inakufa, sivyo? Basi nywila ni ileile, mwenyewe hajawahi kuibadilisha. Una bahati, Mama Uzi. Watu wakinuniana kitu cha kwanza wanabadilisha nywila, mimi nusu ya riziki yangu ni hiyo," akarudi kwenye nyaya zake akipiga mluzi, hata hakujua amesema nini. Hajawahi kuibadilisha. Amenuniwa bombani, amefungiwa dirisha usoni, na hajaibadilisha, ingekuwa mwingine, ingekuwa mimi... na mara ikamjia ile siku ya mvua, mtandao umekatika katikati ya kazi, yeye hapa anaipigapiga meza na kulaani, na nyuma ya ukuta sauti ya wifi, kubwa, kama mtu anayetangaza, "Sasa hivi inarudi, naizima halafu naiwasha!" na ikarudi, na yeye akashika kazi yake wala hakufikiri, alidhani anaongea na mtu wake, na mtu gani? watoto wako bweni, Bwana Miwani hajawahi kukanyaga kizingiti kile, msusi angeshajua, ndani mle hamna mtu, alikuwa anaongea na nani basi, kwa sauti ile, amegeukia ukuta huu? Mwaka mzima wa habari-za-asubuhi-nzuri, na yule anazima na kuwasha, anangoja upande wa pili pawe kimya ajue imerudi, na mimi nakaa nikisema hasemi, alikuwa anasema, loo, alikuwa anasema kwa mlango pekee uliobaki wazi, na kuhusu posa pengine kila alipotaka kulifikisha neno alikuta ndoo imejaa nimeshaondoka, hata hivyo angekuja! angebisha hodi kama watu! hapana, hapo bado nina haki yangu, silegezi, angekuja... 

Kwenye kioo kijiduara kikazunguka kidogo, kioo kikarudi palepale, weka nywila, na kile kijistari kikawa kinapepesa ndani ya kisanduku kitupu, kinapepesa, kinapepesa, nyuma ya ukuta kijiko kikagonga kikombe, na Mama Uzi akajikuta amegeuza kiti, goti limegonga mguu wa meza, hakujali.

"Wifi!"

"Haisikii hiyo," fundi akasema kutoka chini, kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "inaandikwa, Mama Uzi, kwa vidole. Halafu ni waifai."

"Nyamaza wewe. Wifi! Wifi we!"

Kijiko kikanyamaza. Akajuta, akajutia mdomo wake, akajutia kompyuta, akatafuta pa kuuweka mkono, kisha kiti kikaburutwa, ndala zikaja mbio mpaka ukutani na hapo zikasimama.

"Abee! Abee, wifi!"

Na alikuwa amejiandaa kusema nywila, neno moja tu, nywila ni nini, kwa ukavu, amalize kazi za watu, lakini hasira zilezile za tangu asubuhi zikampanda na kutoka zimevaa nguo nyingine, akapiga ukuta kwa kiganja.

"Hiyo harusi ni lini," akasema, "na mimi nivae nini?"