Begi la Kilo Arobaini

Baba yangu alifundisha ngumi kwa miaka thelathini na moja, na mtaa mzima ulimwita Kocha. Hata marehemu mama alimwita Kocha. Kabla ya kufundisha alipigana mwenyewe, na makonde aliyoyala ujanani yalikuja kumtafuta uzeeni. Daktari alituonyesha picha ya kichwa chake akasema akili itaisha kidogo kidogo, kama sabuni.

Kwanza zilipotea siku za wiki. Yakafuata majina ya wajukuu. Mimi sikupotea moja kwa moja: asubuhi alinijua, mchana akaniuliza nimemfuata nani.

Kila alasiri, ikifika saa kumi, saa yake ya mazoezi, alisimama sebuleni akaanza kupiga ukuta. Hakuwa na hasira. Alipiga kwa mpangilio, kushoto, kushoto, kulia, mpaka vifundo vikachubuka na ukuta ukaingia madoa. Nilimfunga bendeji, kesho yake akaifungua. Shangazi, dada yake tunayekaa naye, alitaka apewe dawa ya usingizi. Daktari alikataa. "Mpeni kitu cha kupiga," akasema.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti na madirisha nayajua. Mabegi ya ngumi sikuyajua. Nikampandisha baba kwenye gari la kazini, tukaenda duka la vifaa vya michezo.

Muuzaji alikuwa mtu wa maneno mengi. Akatuonyesha begi jekundu linalong'aa, limesimama lenyewe sakafuni. "Hili ndilo linalopendwa siku hizi, mzee. Hulitundiki. Unajaza maji kwenye kitako, basi."

Baba akalisukuma kwa kidole kimoja. Likayumba.

"Hili la kuchezea paka," akasema.

Nilicheka kabla sijajizuia. Miezi sita ilipita sijamsikia akitania.

Akapita katikati ya mabegi yaliyoning'inia kama daktari anayezunguka wodini. Kila moja alilibonyeza juu, katikati na chini. "Binti, njoo shika hapa. Chini gumu kama jiwe, juu limelegea. Wamejaza mchanga, mchanga umeshuka. Ukilipiga hili, kiganja kwaheri." Akavuta mshono kwa ukucha. Akazungusha mnyororo kuona kama kiungio chake kinageuka bila kukwama. "Begi liwe kama nusu ya uzito wa mpigaji. Jepesi linakukimbia. Zito mno linakufundisha uoga."

Muuzaji akasogea karibu, akawa anasikiliza.

Mwishowe baba akasimama mbele ya begi jeusi la turubai, lililojazwa vitambaa, kilo arobaini. Akalipiga kofi moja, akatega sikio.

"Hili. Limeshonwa na mtu anayejua kazi."

"La ngozi linadumu zaidi, mzee wangu."

"Litadumu kuliko mimi. Nipe hili."

Kwa muda wa saa nzima nilikuwa na baba yangu. Tulipofika kwenye gari akaniuliza, "Mama yenu keshatoka sokoni?" Mama alikuwa na miaka tisa kaburini. Nikasema bado.

Nilichomelea bomba nene kwenye kibaraza cha nyuma, nikalitundika begi, kitako chake kikawa usawa wa kiuno kama alivyoagiza. Saa kumi alitoka chumbani amevaa viatu vyake vya mazoezi, na ukuta hakuugusa tena.

Lakini kupiga peke yake kulimchosha. Alizoea kushika begi, mtu mwingine apige. Siku ya tatu akanikuta namtazama, bado nina ovaroli mwilini. "Wewe mgeni, usisimame kama nguzo ya umeme. Lete mikono."

Akanizungushia vitambaa mikononi, kidole kwa kidole, taratibu. Vidole vyake vilikuwa vimeshindwa na vifungo vya shati, ila kazi hiyo havikuisahau. Kisha akalikumbatia begi kutoka upande wa pili, bega limeegemea. "Usilisukume. Piga, rudi. Mkono urudi kama umegusa pasi ya moto. Pumua! Mbona unabana pumzi kama umepita jalalani?" Shangazi, huko jikoni, alicheka mpaka akapaliwa.

Tuliendelea hivyo wiki sita. Alasiri moja tulikuwa tumekaa kwenye sakafu ya kibaraza, ananifungua vitambaa.

"Wewe binti wa nani?" akauliza.

Nilikwisha kuacha kumsahihisha, maana kila nilipomsahihisha aliogopa, akaanza kutafuta mlango. Nikasema, "Wa hapa hapa mtaani."

"Una mkono mzuri wa kushoto. Mimi nina binti, naye wa kushoto." Akakunja kitambaa, akakikunjua tena. "Alikuwa na miaka kumi. Akaja ukumbini amejivika soksi mikononi, eti ndizo glavu. Akaniambia, baba, nifundishe. Nikamtoa nje mbele ya vijana wote. Nikamwambia ngumi si za mtoto wa kike, rudi kamsaidie mama yako. Vijana wakaangua kicheko."

Soksi zile nilizikumbuka. Zilikuwa nyeupe, za shule, na mama alinigombeza kwa kuzichafua.

"Hakuja tena," baba akasema. "Akakua, akaenda kuchoma vyuma, kazi ya moto. Nilikosea, na sijamwambia. Kila siku nasema kesho. Kesho zimekuwa nyingi."

Nikamwambia, "Mwambie tu, Kocha. Atakusamehe."

"Humjui yule. Kichwa kigumu. Amekitoa kwangu." Akanigonga kidogo kwa bega, akacheka. "Ukikutana naye, usimwambie nimekuambia."

Nikaahidi.

Kesho yake asubuhi, saa ambayo alikuwa akinijua, nilimpelekea chai nikakaa pembeni ya kitanda. Nikasubiri. Alinitazama, uso wake ukafunguka.

"Mwanangu," akasema. "Chai haina sukari."

Nikaenda kuleta sukari. Ningeweza kuanza mimi. Sikuanza, siku ile wala zilizofuata.

Kabla ya mwaka kwisha, begi lilimshinda. Nilipiga, likamrudia kifuani, akaanguka chali. Hakuumia. Alikaa pale chini akalitazama, kisha akanitazama mimi. "Nani katundika gogo hili hapa?" Tangu siku hiyo ikifika saa kumi alibaki kitandani, mikono imelala mapajani. Nilikuwa narudi kutoka kazini nasimama mlangoni, natamani nisikie hata ukuta ukipigwa.

Alifariki Jumanne, mchana, usingizini.

Msibani walikuja wanafunzi wake wa zamani, wanaume wenye mvi na pua zilizopinda. Kibaraza kilihitajika waombolezaji wapate pa kukaa, kwa hiyo wanne kati yao wakalishusha begi. Walilibeba bila kulikokota, polepole, na mmoja wao alikuwa akilia waziwazi.

Baada ya maziko, watu walipopungua, tulibaki shangazi na mimi na rundo la masufuria. Nikamsimulia habari ya soksi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Akasikiliza huku anasuuza. "Na hukumwambia kwamba binti mwenyewe ni wewe?"

"Sikumwambia. Angeogopa, shangazi."

"Angeogopa, ndiyo. Kisha angesahau kwamba aliogopa." Akainamisha sufuria maji yachuruzike. "Lakini wewe ungekumbuka kwamba ulimwambia."

Akanisogezea sufuria nyingine, ile kubwa iliyoungua chini, nikaanza kuisugua.