Kulfi Haijaganda

Siku ile nilikuwa sikaliki. Nikikaa naona kuna kitu sijafanya, nikisimama nasahau ni kipi. Maziwa ya nyati wa kufugwa yalikuwa jikoni tangu swala ya alfajiri, yanachemka taratibu yapungue mpaka thuluthi, na mimi nayakoroga huku nagombana na kila kilichonipita: kunguru, feni iliyokatikiwa umeme, na mjukuu wangu Mehreen, ambaye alikuwa amevaa viatu vya safari tangu saa mbili asubuhi.

"Vua viatu, mtoto. Treni ni ya saa moja jioni. Miguu itaiva kabla ya maziwa."

"Vinabana kidogo, Bibi. Navilegeza." Ana miaka kumi na hajawahi kukosa jibu.

Mdogo wake, Saim, wa miaka sita, hakuwa na viatu. Nguo mpya zilizotumwa kutoka Karachi aliziangalia mara moja, akazisukuma kwa kidole cha mguu. Alikuwa amechuchumaa karibu na jiko, jasho linamtiririka, anatazama mwiko wangu unavyozunguka.

Hawa ni watoto wa binti yangu Farhat, Mungu amrehemu. Amefariki mwaka wa tatu huu, na tangu siku ile wamelala kwangu, hapa Multan, mmoja kulia mwangu na mmoja kushoto. Kila kiangazi waliniomba kulfi, ile aiskrimu ya maziwa ya kugandishwa mtungini, na kila kiangazi nikawaambia kesho. Nilisingizia magoti, nikasingizia barafu. Ukweli ni kwamba ni kazi ya kutwa nzima, na mimi ni mvivu. Sasa kesho zimekwisha. Baba yao, Tauqeer, ameoa tena mwezi wa Shawwal. Mke mpya amekubali kuwalea, tena kwa moyo mweupe, nasikia. Asubuhi ile Tauqeer alishuka treni akiwa na tiketi tatu za kurudi Karachi, akanisalimia kwa adabu, akala mkate na mayai, akajitupa kitandani kwa uchovu.

Na kosa lilikuwa langu, nalisema mwenyewe. Siku moja kabla, Saim alining'ang'ania ushungi akaniuliza wataondoka saa ngapi. Mdomo wangu huu haujawahi kuwa na breki. Nikamwambia, "Hatoki mtu nyumba hii mpaka kulfi yangu igande. Awe baba yako, awe mkuu wa stesheni." Akacheka. Nikaona nimemtuliza, nikasahau.

Saa sita maziwa yalikuwa mazito, yana rangi ya samli. Nikatia sukari, iliki na pistachio zilizotwangwa, nikayaacha yapoe. Mehreen na mimi tukaenda kwa Rafaqat, muuza barafu wa kona, tukarudi na pande limefungwa gunia, linatuchuruzikia njia nzima. Tukalivunja uani kwa mchi. Kisha nikawagawia kazi, maana watoto wasiokuwa na kazi kwenye joto lile wanatafunana. Mehreen ajaze maziwa kwenye vikopo vya bati vilivyochongoka na kuziba vifuniko kwa donge la unga. Saim nikampa bakuli la chumvi ya mawe, ile ya rangi ya waridi.

"Wewe ndiye bwana chumvi. Mimi naweka tabaka la barafu, wewe unatia konzi mbili. Barafu bila chumvi inapoza tu, haigandishi kitu. Umesikia?"

"Hata ikikaa kutwa?"

"Hata ikikaa mpaka uote ndevu."

Aliitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa. Tukavipanga vikopo kumi na viwili ndani ya mtungi, tabaka kwa tabaka, nikaufunika gunia. Kazi ikabaki kuuzungusha, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mabega yaombe radhi.

Tauqeer aliamka adhuhuri, akaswali, akaketi kwenye kitanda cha kamba barazani. Viatu vyake vyeusi, vya kazini, alivipanga vizuri chini ya ngazi.

"Mama, nipe niuzungushe mimi."

"Mkwe hafanyi kazi kwangu. Kaa, kunywa sharbati."

Akakaa. Lakini na yeye hakutulia. Aliangalia saa, akainuka, akafungua begi la watoto, akalifunga, akaangalia saa tena. Alimwita Saim mara mbili, na mara zote Saim aligeuka akanitazama mimi kwanza, kana kwamba anahitaji ruhusa. Nilijifanya sioni.

Saa tisa nikatoa kikopo kimoja, nikakitikisa sikioni. Maziwa yakacheza.

"Bibi, imeganda?" aliuliza Mehreen.

"Haijaganda. Nani amefunua mtungi? Mehreen, umechungulia!"

"Wallahi sijachungulia!"

"Basi umeziba vibaya."

"Ungeziba wewe, basi!" Akanuna, akaenda kuketi juu ya begi lake.

Nikaongeza barafu, Saim akaongeza chumvi. Nikauzungusha mtungi nusu saa nyingine. Maziwa yakacheza vilevile. Nikatoka mbio na magoti yangu haya mpaka kwa Rafaqat.

"Rafaqat, umeniuzia barafu au kioo? Haigandishi!"

"Bibi, barafu ni barafu. Sina ya kike na ya kiume."

"Lete pande jingine, na upunguze maneno."

Saa kumi na nusu riksho ilikuwa imeshaagizwa kwa saa kumi na mbili kasoro. Niliswali alasiri vibaya, Mungu anisamehe, akili yote iko mtungini. Niliona wataondoka midomo mikavu, watafika kwa yule mwanamke, awaulize bibi yenu aliwapa nini, waseme aliahidi. Nikarudi kuuzungusha mtungi kwa hasira, na hapo mkono wangu ukanishtua. Saa ile nje ya mtungi palitakiwa pawe na ukungu mweupe, baridi ya kuung'ata mkono. Huu ulikuwa unatoa jasho tu. Nikachovya kidole kwenye maji ya barafu, nikalamba.

Maji matupu, kama ya bomba.

"Saim," nikaita. "Chumvi iko wapi?"

Alisimama katikati ya ua, mikono imening'inia. Mifuko yake ilikuwa mizito, imelowa, imemgandama mapajani. Macho yake yalikwenda chini ya ngazi. Tauqeer akayafuata. Akainama, akainua kiatu kimoja, akakiinamisha. Chumvi ya waridi ikamwagika puu kwenye sakafu. Cha pili nacho kilijaa mpaka shingoni.

"Ulisema hatoki mtu mpaka igande," Saim akaniambia. "Wewe ndiye ulisema, Bibi."

Nilicheka kwanza. Bwana chumvi! Mtoto amenichezea mbele ya macho yangu, konzi kwa konzi, tangu mchana! Nikamvuta, nikamkung'uta mifuko, nikaona mapaja yamekuwa mekundu kwa kuchubuliwa na chumvi, na hakuwa amelia hata kidogo. Kicheko kikaniishia. Lakini nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Tauqeer alikaa kwenye ngazi, kiatu mkononi.

"Nilijua hajanizoea," alisema. "Sikujua ni kiasi hiki." Akaniinulia macho. "Mama, sema wewe. Ukisema wabaki, nitapanda treni peke yangu. Wote wawili wabaki, siwatenganishi. Sitakasirika, naapa. Sitauliza tena mpaka watakapotaka wenyewe."

Jibu nilikuwa nalo tayari kwa miaka mitatu. Nilifungua mdomo. Mdomo usio na breki, na siku hiyo ndiyo ukachelewa, kwa sababu nilimwona Mehreen.

Alikuwa bado ameketi juu ya begi lake, viatu miguuni, mkono mmoja ameshika mkanda wa begi. Hakusema neno, yeye wa majibu. Alinitazama tu. Kila Idd Tauqeer alikuja akakaa siku mbili, na kila akiondoka mtoto huyu aliketi kizingitini mpaka magharibi, kisha akaingia na kuuliza tunakula nini, eti hakuna lililotokea. Nami kila mara nilimpa chakula nikashukuru kwamba hakulia, maana sikuwa na la kumwambia. Na Saim halali bila kunyoosha mkono juu yangu ashike kidole cha dada yake. Nikimbakiza mmoja nimewabakiza wote, na huyu atakaa kizingitini mpaka awe mtu mzima.

Niliinuka. Nikachukua kiatu mkononi mwa Tauqeer, nikamimina chumvi iliyobaki mtungini.

"Bibi, usitie!"

Nikachukua cha pili. Saim alinidaka mkono, akaning'inia kwa uzito wake wote. "Bibi, usitie! Umesema! Umesema!"

Nikatia. Nikaikusanya na ile ya sakafuni kwa viganja, nikatia. Kisha nikauzungusha mtungi, kushoto kulia, na yeye bado ananing'inia mkononi, anakwenda na mimi huku na huku. Mara akaniachia. Alikaa chini karibu na ukuta, akaacha kulia, akatazama. Laiti angeendelea kulia.

Mtungi ukafanya ukungu mweupe. Baada ya robo tatu ya saa nilitoa kikopo, nikakibingirisha kati ya viganja, nikaichoma kijiti kulfi, ikatoka nzima, ngumu, ncha yake kali. Sijawahi kuipata vile, hata nilipokuwa msichana. Mehreen alikula mbili akinibusu kwa mdomo wa baridi. Tauqeer alikula moja, akaanza kuisifu, akashindwa, akaenda kukung'uta viatu vyake ukutani.

Riksho ikapiga honi. Saim alivalishwa nguo mpya bila kubishana, nikampaka samli mapajani, nikampa kulfi yake. Aliishika wima mbele yake, hakuilamba. Mehreen alinikumbatia kwa nguvu, akapanda. Tauqeer akaniinamia nimwekee mkono kichwani, nikamwekea, nikamwombea dua, na dua ilitoka moyoni. Akambeba Saim akamweka kitini.

Riksho kabla haijaondoka, Saim akashuka. Nilifungua mikono. Nilijua anakuja kunishika miguu, na nilijua kwamba safari hii nisingeweza kumwachia aende.

Akanitia kijiti cha kulfi mkononi.

"Kula wewe, Bibi," alisema. "Wewe ndiye uliyetaka igande."

Akarudi, akapanda mwenyewe, akakaa upande wa mbali, akashika kidole cha dada yake. Nilisimama pale mlangoni mpaka riksho ikapinda kona. Kulfi ilikuwa imeanza kunitiririka kwenye mkono, kwa hiyo niliila, yote, mpaka kijiti. Ilikuwa tamu sana.