Kovu la Kitakoni

Mimi lebo haziniambii kitu. Siku hizi hata kioo cha mashine hubandikwa jina la Murano, kisiwa chetu. Kwa hiyo mwanangu Alvise alipomleta mchumba wake Nives, msichana wa bara, kula nasi mchana, naye akaniwekea mezani zawadi ya chombo chekundu cha kioo kilichojaa maua, mkono wangu haukunisubiri. Nilikipindua nione kitako.

Maji yote yakamwagikia wali wa samaki.

"Mama, jamani!" Alvise alipiga kelele. "Hata salamu hatujamaliza!"

"Nyamaza wewe." Kidole changu kilikuwa kimeshalipata lile kovu dogo linalokwaruza, pale fundi alipokibandua kwenye fimbo yake ya chuma. Mashine haiachi kovu hilo. "Hiki kimepulizwa kwa mdomo. Binti, nani alikuchagulia?"

Nives alikuwa akifuta sketi yake huku anacheka. "Nimechagua mwenyewe, mama. Hata kule dukani kilikuwa na maji. Muuzaji ilibidi akabadilishe suruali."

Nilimgeukia mwanangu.

"Alvise, nenda kampikie mkeo wali mwingine."