Buti Alizonichagulia Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na hilo nalisema mapema kabla hamjaambiwa na mke wangu. Chai ikiwa ya moto nalalamika, ikipoa nalalamika. Nilipokuwa nauza bima kwa simu, maneno ndiyo yalikuwa kazi yenyewe, tena niliyauza nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, miguu nimeinyoosha chini ya meza. Kisha ofisi ikafungwa, kiti kikaenda zake, nikabaki na mdomo.

Aliyeniokoa ni baba mkwe. Yeye ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha biskuti, na huko wanamwita Chuma, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Alikwenda kwa msimamizi wa zamu, mama mmoja mfupi wanayemwita Filimbi kwa ajili ya ile filimbi iliyoning'inia shingoni mwake, akamwambia, "Mchukue mume wa binti yangu kwa majaribio. Akishindwa, nimeshindwa mimi." Miezi mitatu, halafu mkataba au kwaheri. Nilipopata habari hizo nilivimba kichwa. Sikujua kwamba kule kichwa hakina kazi. Kule ni miguu tu: unasimama mwisho wa mkanda wa mashine, unapokea katoni, unazipanga, unasimama tena, zamu nzima, juu ya sakafu ya zege isiyokuwa na huruma na mtu.

Kiwanda kinataka kila mtu ajinunulie buti zenye ncha ya chuma. Baba mkwe akasema tutakwenda dukani pamoja. Nilivaa shati la kupiga pasi kwenda kununua buti, ili mjue nilivyokuwa namwogopa.

Muuzaji alikuwa mama mchangamfu. "Unavaa namba ngapi, kaka?"

Nilifungua mdomo. Lakini baba mkwe alikuwa ameshautupia mguu wangu jicho moja, jicho la fundi, akasema, "Arobaini na mbili."

Mimi navaa arobaini na nne tangu nimalize shule. Nikamtazama muuzaji, nikamtazama mzee, nikaufunga mdomo. Niambieni nyinyi mlio hodari: mnamsahihishaje baba mkwe mbele ya mtu baki, kuhusu mguu? Mguu ni kitu cha kubishania na mkwe? Nikaingiza vidole kimoja kimoja, nikivikunja na kuviomba radhi.

"Asimame kwanza, atembee hapa chini," alisema muuzaji. "Mbona naona kama zinambana?"

"Buti ya kazi si kandambili," alijibu baba mkwe. "Lazima ibane mwanzoni. Itazoea." Kisha akanigeukia. "Unazionaje?"

"Baba," nilisema, na jasho limeshaanza kunitoka, "ni kama nimezaliwa nazo."

Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo nilionja cha mtema kuni. Asubuhi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, baba mkwe alikuwa akipita na spana yake, anagonga ncha za buti zangu, ngo, ngo, na kuwaambia wenzake, "Nimemchagulia mwenyewe." Mimi nacheka. Kucha za vidole gumba zilipoanza kuwa nyeusi, bado nacheka.

Msidhani sikutumia akili. Nililowesha buti usiku, nikazijaza magazeti zitanuke. Hazikutanuka, ila niliingia kazini na habari za michezo zimechapika kwenye soksi. Nikatoa soli za ndani nipate nafasi. Nafasi niliipata, na zege nikalipata pia, maana sasa kila hatua ilikuwa inanigonga mpaka kwenye meno. Nikatandika katoni kuukuu nisimame juu yake, Filimbi akapuliza filimbi na kuitupa. Mwisho nikawa nakimbilia chooni, kukaa tu. Nilikaa mara nyingi mno, hadi wenzangu wakaamini tumbo limeniharibikia, na baba mkwe akamwagiza binti yake apunguze pilipili. Tukala chakula kisicho na ladha nyumba nzima kwa sababu ya vidole vyangu.

"Si umwambie tu," mke wangu alisema, akinikandakanda kwa maji ya chumvi na kuzuia kicheko.

"Mwambie wewe. Ni baba yako."

"Mimi? Nimwambie baba hajui miguu?"

"Basi mimi mkwe ndiye nimwambie?"

"Haya, jikaze kisabuni," alisema, akanipangusa.

Nikajikaza kisabuni. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, bingwa wa kulalamikia chai, nimeshindwa kutamka neno moja: zinabana.

Wiki ya mwisho ya majaribio, Filimbi alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, akanitazama nikija na katoni.

"Wewe, unachechemea."

"Sichechemei, bosi."

"Weka mzigo chini. Tembea mpaka kwenye mashine ile, urudi."

Nilitembea. Nilijitahidi kutembea kiume, nikawa kama kuku aliyekanyaga makaa. Mkanda ukasimamishwa. Filimbi akamwita baba mkwe, naye akaja anajifuta mafuta mikononi.

"Mzee wangu, nakuheshimu," alisema Filimbi. "Lakini ulinidhamini mtu mwenye mguu mbovu na hukuniambia. Mimi siwezi kumpa mkataba mtu asiyeweza kusimama."

"Mguu wake mzima," alisema baba mkwe.

"Basi anachechemea nini?"

Wote wawili wakanigeukia. Nikisema ni buti, nimemwaibisha mzee mbele ya kiwanda kizima. Nikinyamaza, kazi imekwenda, na neno lake la kunidhamini limekwenda nayo. Mwanamume niliyeuzia watu bima za nyumba ambazo hawajajenga, nilitafuta jibu kichwani, nikapata hili:

"Jino, bosi. Jino linaniuma."

"Jino la mguu?"

Walicheka mpaka wa upande wa oveni. Baba mkwe peke yake hakucheka. Alinitazama, akatazama chini, kisha akafanya jambo lililonifanya nitamani sakafu ipasuke inimeze: alipiga goti mbele yangu. Baba wa mke wangu, amepiga goti kwenye zege, ananifungua kamba za viatu. "Baba, hapana, baba tafadhali," nilisema, nikijaribu kumwinua. Akaishika buti kisiginoni, akaitikisa. Nikapiga yowe.

Buti ikatoka kwa kuvutwa. Soksi ilikuwa imegandana na malengelenge. Vicheko vikaisha. Baba mkwe akaivua soksi taratibu, akaitazama kucha, akageuza buti na kuisoma namba, kama vile si yeye aliyeitaja.

"Wewe mguu wako namba ngapi?"

"Arobaini na nne, baba."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilikuheshimu, baba."

"Usiniheshimu hivyo tena," alisema. Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu kwa hasira nilikuwa nimejiandaa. Akawageukia wengine, akitaka kujitetea. "Lakini zingezoea. Buti zinazoea. Zangu mbona zilizoea."

Na ili atuonyeshe, akakaa juu ya kreti. Chuma akakaa. Akavua buti yake moja, akavua na soksi, akauweka mguu juu ya sakafu mbele yetu.

Vidole vilikuwa vimepandana kama watoto wanaolala kitanda kimoja. Kidole gumba kimelalia upande, na pembeni yake kuna nundu ngumu. Kile kidogo cha mwisho hukioni mpaka ukitafute chini ya mwenzake. Alituonyesha kwa fahari kabisa, mtu anayetoa ushahidi. Kisha akaona nyuso zetu, naye akautazama mguu wake.

Filimbi alichuchumaa. Sikuwahi kumsikia akiongea taratibu hivyo. "Mzee, na wewe unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Nani alikupima?"

Baba mkwe akafikiri. "Hakuna aliyenipima. Siku naanza kazi, kiwanda ndicho kilikuwa kinagawa, na ndizo zilizokuwepo stoo."

Filimbi akasimama, akatuambia zamu ikiisha twende dukani wote wawili, na kesho anataka kuniona natembea. Nikichechemea, basi.

Kesho yake nilitembea, nikapewa mkataba. Nataja tu kwa sababu najua mtauliza. Ninachokikumbuka mimi ni duka lile jioni.

Muuzaji alifurahi kwamba tumekuja tumechoka. Miguu ikiwa imevimba kwa kazi, alisema, haidanganyi. Alitusimamisha wote wawili kwenye kipimo, soksi miguuni. Mimi arobaini na nne. Baba mkwe arobaini na nne, tena ya mguu mpana. Akamletea buti nyeusi zenye soli nene na laini, akamfunga kamba. Mimi nilikuwa nimeshavaa zangu, vidole vyangu vinacheza humo ndani kwa raha, na tayari nilikuwa natunga namna nitakavyomsimulia mke wangu kisa hiki, mimi nikiwa shujaa.

Baba mkwe akasimama kwenye saruji. Hakusogea. Alisubiri, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza mashine ili ajue ugonjwa wake. Akapiga hatua moja, akasubiri tena. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi.

"Mbona haziumi?" alimuuliza muuzaji.

"Ndivyo zinavyotakiwa, baba."

Akaenda tena mlangoni. Safari hii alichelewa kugeuka, amesimama ametugeuzia mgongo. Nikainuka kumfuata, nikidhani amejisikia vibaya. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Watu," alisema polepole, haniangalii, "huwa wanasimama hivi? Siku zote?"

Mimi wa maneno mengi nilitafuta la kumwambia, la kumpoza, hata la kumchekesha. Sikulipata.

"Ndiyo, baba," nilimjibu. "Siku zote."