Neno Katika Barua ya Nalepo

Kidole cha Nosim kilisimama chini ya neno moja, kikagoma kuendelea. Barua ilikuwa ya Kiingereza, ya kumwombea bintiye Nalepo ufadhili wa sekondari ya bweni. Ilibaki saini ya mzazi tu. Mwaka juzi angebonyeza dole gumba na kushukuru. Sasa alikuwa na miezi kumi na minne katika darasa la watu wazima la Lemara, na neno hilo, "stubborn", yaani mkaidi, alikuwa amelinakili huko juma lililopita.

"Mwalimu," alisema, "neno hili litamfungia mtoto mlango."

Mwalimu Agnela, aliyemfundisha Nalepo, aliinua macho upande wa pili wa meza ya ofisi. "Nimeandika nilichokiona, Mama Nalepo. Nilimwambia akakae, mara tatu. Akabaki ubaoni na chaki yake, eti mpaka aone hesabu imemshinda wapi."

"Akaona?"

"Aliona. Wenzake walishamaliza uji." Mwalimu akatabasamu bila kutaka. "Mwanao anachosha."

"Unaniambia mimi ninayeishi naye?"

Nosim alifungua daftari lake. Chini ya neno lile palikuwa na jingine, "determined", kwa mwandiko uliokwenda upande kama mbuzi wanaoshuka korongoni.

"Tumefundishwa kwamba hawa ni ndugu, ila tabia ni mbalimbali. Wa kwanza hageuki kwa sababu hataki kusikia. Wa pili hageuki kwa sababu ana mahali anakokwenda."

Mwalimu aliyatazama maneno yale. "Na nyumbani mnamwitaje?"

Nosim alilifunga daftari.

"Mbishi," alijibu polepole. "Mimi ndiye niliyeanza. Kiangazi kilichopita ndama alikataliwa na mamaye. Baba yake Nalepo akasema aachwe, hana maisha. Mtoto akamnywesha kwa chupa siku kumi na moja. Kila alfajiri nikimkuta zizini, nilimwita jina hilohilo. Hata siku ndama aliposimama, nililisema."

Nje kengele iligongwa, watoto wakamwagika uwanjani. Mwalimu Agnela aliisogeza kando barua ya kwanza, akavuta karatasi safi. Aliandika mistari miwili kwa haraka. Wa tatu ukamkwama.

"Nisimulie tena habari za huyo ndama," alisema. "Polepole. Neno moja halitatosha."

Nosim akavuta kiti. Hakuwahi kumweleza mtu habari za binti yake bila kulalamika; sasa alianza na alfajiri ya kwanza, mtoto na chupa zizini.