Sekunde Sitini na Saba

Tangu shemeji alipoingiza kompyuta yake sebuleni kwangu, machale yalinicheza. Huyu ni mdogo wa mume wangu. Anatengeneza muziki nyumbani, ila kwake watoto hawamwachi akapumua. Alitaka niimbe upya wimbo niliorekodi kwenye tepu miaka kumi na tisa iliyopita, mwaka nilioolewa.

Nilikuwa nimeacha kuimba. Tepu ile ilikuwa fahari yangu na msiba wangu: sauti nyembamba, inapanda bila kukaza shingo. Kila niliporekodi tena baadaye ilitoka nzito, mpaka nikasema basi, sauti imenitoka, nikabaki na cherehani yangu.

Nikakubali, nikaimba. Kisha shemeji akasema, "Sasa tunyamaze dakika moja, nirekodi chumba kitupu."

"Unarekodi ukimya? Wa nini?"

"Kompyuta ikizijua kelele za chumba, itazitoa kwenye wimbo, shemeji."

Inayojua kutoa, inajua na kutia. Nikaliweka moyoni.

Aliponisikilizisha, nilitamani kumrushia kiti. Sauti nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini! Nikaweka tepu yangu kwenye deki, tukasikiliza zote mbili.

"Umesikia? Ya kwenye tepu ndiyo mimi. Tepu ikishika imeshika. Hicho kidude chako unakata, unabandika, unashusha."

"Sijagusa kitu, naapa."

"Mkeo ana sauti nyembamba. Unaniharibia ili wimbo apewe yeye, sema!"

Shemeji akamgeukia kaka yake, aliyekuwa amekaa pembeni. Mume wangu ni fundi redio, na tepu ile aliirekodi kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa anafuta miwani. Aliifuta mpaka nikahofia itatoboka. Nikampa shemeji mpaka kesho adhuhuri: akiri, au abebe vyombo vyake na asikanyage tena kwangu.

Asubuhi, mume wangu alipotoka, nikatafuta ushahidi. Mteja akinitajia kiuno chake, mimi namwambia asimame nimpime mwenyewe. Na chumba ni kile kile, saa ya betri ukutani ni ile ile tuliyopewa siku ya harusi, inagonga sekunde mpaka wageni wanalalamika. Ilisikika vizuri kwenye ukimya wa shemeji. Kama amechezea mwendo, saa itamuumbua.

Nikaucheza ukimya ule kwenye kompyuta, nikashika simu kupima dakika, nikahesabu milio ya saa. Sitini. Nikarudia. Sitini.

Nikaweka tepu. Siku ile mume wangu alisahau kuzima deki wimbo ulipoisha, na saa inasikika ikigonga peke yake. Sitini na saba. Nikajilaani kwa kukosea hesabu, nikarudia. Sitini na saba. Nikavaa vipokea sauti, nikahesabu mara ya tatu.

Mume wangu aliporudi alinikuta na vipokea sauti masikioni, simu mkononi. Aliitazama saa, akaitazama deki, akakaa bila kuambiwa.

"Ilikuwa siku ile tu," akasema. "Mama alikucheka, ati una sauti ya kiume. Ukalia. Wakati wa kurekodi nikageuza skrubu ya mota, izunguke polepole. Wakati wa kusikiliza nikairudisha, na sauti ikapanda. Nilitaka ufurahi, mke wangu. Sikujua utaifanya kipimo."

"Miaka kumi na tisa!"

"Kila siku ilizidi kuwa ngumu kusema."

Nikamletea bisibisi. Akageuza skrubu taratibu, mpaka saa ya kwenye tepu na saa ya ukutani zikagonga pamoja, kisha akarudisha wimbo mwanzo. Msichana wa miaka ishirini na miwili akaanza kuimba kwa sauti nzito, tulivu, ile ile niliyoitukana jana. Haikuwa imenitoka hata siku moja. Ilikuwa humu humu kifuani, nami niliifungia miaka yote hiyo. Nililia, na alipotaka kunishika nikautoa mkono wake.

Adhuhuri shemeji alifika na boksi tupu, uso umemsawijika. Nikamwomba radhi, nikamwambia aweke maiki, tunarekodi.

Mume wangu akavuta kiti asikilize.

"Wewe toka nje," nikamwambia. "Na hiyo bisibisi iache mezani."